Stempu kwa watoto wa zama za simu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Ujumbe ninaoupata kuhusu stempu ni ule ule kila mwaka. Mjomba kamnunulia mpwa wake albamu, mpwa kaifungua mara mbili, sasa inakaa chini ya televisheni. Mwalimu kaanzisha klabu yenye wanachama arobaini, wiki ya tatu wamebaki wanne, na wawili kati yao wanafuata biskuti.

Nami nilianza vivyo hivyo, hapa Dodoma. Nilisimama mbele ya darasa la sita nikaanza na Uingereza, mwaka 1840, stempu ya kwanza duniani, Malkia Victoria, peni moja. Dakika kumi hazijaisha, mvulana wa kiti cha nyuma kalalia mkono, udenda unashuka kwenye daftari la hisabati.

Watu husingizia simu. Mimi nadhani tunawapa watoto kazi iliyokwisha kufanywa. Albamu iliyojaa ni starehe ya aliyeijaza. Mtoto anapenda kutafuta na kupata, na anapenda kupokea kitu chenye jina lake juu. Hatua zote hapa chini zimepangwa kufuata hilo, kwa hiyo usiziruke wala usizipindue. Historia nimeiacha makusudi. Itakuja yenyewe kwenye hatua ya nne, wakati watoto wataiuliza.

Mpango huu unafaa kikundi cha watoto 8 hadi 15, wenye umri wa kati ya miaka 9 na 15, saa moja kwa wiki, kwa wiki kumi hivi. Ukiwa na mtoto mmoja tu nyumbani, hatua ni zile zile, ila utahitaji binamu au jirani wa kubadilishana naye.

## Vifaa: viwe mezani kabla ya kuwaita watoto

- Bahasha nyeupe za kawaida, mbili kwa kila mtoto. Ziwe nyeupe, sababu utaiona kwenye hatua ya tatu.
- Hela ya stempu mpya, mbili kwa kila mtoto. Gharama ya kutuma barua hubadilika, kaulize dirishani posta kabla hujachangisha.
- Beseni mbili za plastiki, pana na zisizo na kina kirefu.
- Karatasi nyeupe za A4 zisizoandikwa kitu, nusu rimu. Magazeti hapana.
- Kibano chenye ncha butu, japo kimoja kwa watoto watatu. Kile cha kung'olea nyusi kinafaa ikiwa hakina ncha kali wala meno ya ndani.
- Manila za rangi nyeusi au kahawia, rula, mkasi, gundi nyeupe ya maji.
- Vitabu vizito viwili vitatu. Kamusi ni nzuri kwa kazi hii.
- Kioo cha kukuzia, au simu ya mwalimu yenye kamera nzuri.
- Kaunta buku moja, la kuandikia nani kaleta nini na kutoka wapi.
- Sanduku la posta linalofanya kazi: la shule, la kanisa, la msikiti, au la ofisi ya mzazi mmoja.

Albamu haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Mtaitengeneza wenyewe.

## Hatua ya 1: Anzeni na barua

Wagawe watoto wawili wawili. Kila mmoja amwandikie mwenzake barua fupi, jambo moja ambalo hawezi kulisema darasani mbele ya watu. Usiisome. Ukiisoma umeua mchezo.

Juu ya bahasha: jina la mpokeaji, darasa, jina la shule, S.L.P. ya shule, Dodoma. Namba ya simu ya nyumbani na mtaa anaokaa mtoto visiandikwe.

Kisha nendeni posta kwa miguu au kwa daladala, wote. Hapa ndipo wengi huharibu: mwalimu huenda peke yake na bahasha kumi na tano mkononi kwa kuokoa muda. Mtoto ambaye hajasimama dirishani na kuomba stempu kwa mdomo wake hana habari na kilichonunuliwa.

Dirishani ombeni mambo mawili. La kwanza, stempu za picha za kubandika, maana siku hizi barua nyingi za ofisi hupigwa chapa ya mashine isiyo na picha yoyote. La pili, mhuri wa mkono upigwe kwenye kona ya stempu, uonekane vizuri. Mhudumu hana wajibu wa kulifanya hilo la pili. Lakini akiombwa kwa adabu na mtoto wa miaka kumi, "Shikamoo mama, naomba mhuri usifunike picha," sijaona aliyekataa.

Stempu ilowanishwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, wasiilambe. Ibandikwe pembe ya juu kulia, imenyooka.

Barua itachukua siku kadhaa, na hiyo ni faida. Andika ubaoni majina yao na siku ambayo kila mtoto anakisia yake itafika. Anayekaribia zaidi ndiye atakayechagua stempu wa kwanza kwenye hatua ya tano.

Hatari: usichukue funguo za sanduku ukazileta barua darasani kama mitihani iliyosahihishwa. Wawili watatu waende na mhusika wa sanduku, walifungue wao.

Utajua mmefanikiwa: mtoto atakapokataa kuchana bahasha yake. Kwangu alikuwa binti wa darasa la tano. Aliishika bahasha kwa ncha za vidole, akainusa, akaigeuza nyuma akakagua kama imefunguliwa, kisha akaniuliza kama nina wembe. Aliipasua upande mmoja, taratibu, kama anayefungua mfuko wa sukari bila kutaka kumwaga hata punje. Barua yenyewe ilikuwa na mistari mitatu. Bahasha bado anayo.

## Hatua ya 2: Kuwinda stempu mjini

Sasa wanajua stempu inatoka wapi. Wape kazi ya wiki mbili: kila mtoto alete bahasha kuukuu zenye stempu, angalau tano, na kwa kila moja aeleze aliipata kwa nani.

Dodoma ni mji mzuri kwa kazi hii kuliko watu wanavyodhani. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, mitaa ya Kisasa, Nzuguni na Ihumwa imejaa familia zilizotoka kila mkoa, na zimekuja na masanduku yao. Wazee wastaafu wa reli wana barua. Ofisi za makanisa zinazoandikiana na watu wa ng'ambo zina bahasha za Sweden, Norway, Ujerumani na Australia, na mara nyingi huishia kuchomwa moto nyuma ya jengo. Jaribuni pia mawakili wa zamani na walimu wastaafu. Msisahau mabibi wa Mpwapwa, Kondoa na Kongwa waliotunza barua za watoto wao waliokuwa masomoni.

Wafundishe namna ya kuomba. Mtoto asiingie kwa mzee akauliza "mna stempu?" Asalimie kwanza, shikamoo kwa wote, na kwa wazee wa Kigogo "mbukwenyi" itafungua mlango kabla ya neno jingine. Ajitambulishe ni wa shule gani. Aseme anataka bahasha, barua ya ndani abaki nayo mwenyewe mzee. Wengine watakataa, maana barua ni siri ya mtu. Waliokubali kwangu walikuwa wengi zaidi, na karibu wote walianza kusimulia kabla hawajafika chini ya sanduku.

Mpe kila mtoto kikaratasi chenye mhuri wa shule kinachoeleza shughuli hii. Bila hicho, mlinzi wa ofisi atawageuza getini.

Hatari, na hii isome mara mbili: wasikate stempu kwenye hati. Mikataba ya viwanja, hati za mauziano na viapo huwa vimebandikwa stempu za ushuru, na mtoto hajui tofauti. Mvulana mmoja alitaka kuniletea stempu nzuri ya kijani kutoka "karatasi ya babu". Karatasi ya babu ilikuwa ya shamba. Nashukuru aliuliza kabla ya kukata. Kanuni yetu tangu siku hiyo: bahasha tu, na mwenye bahasha awe amekubali.

Stempu ikatwe pamoja na karatasi yake, ibaki sentimita moja kila upande. Mkasi usiguse meno ya stempu, yaani vile vichongo vidogo vya ukingoni. Stempu iliyokatwa jino hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mkusanyaji, na mtoto akiambiwa mapema hasahau.

Na zipo bahasha ambazo hazikatwi kabisa: zenye mhuri unaosomeka vizuri mji na tarehe, zenye stempu za kabla ya uhuru, na zile maalumu zenye mchoro na mhuri wa siku ya kwanza ya kutolewa kwa stempu. Hizo zitunzwe nzima.

## Hatua ya 3: Kuloweka

Ndiyo hatua watoto wanayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibu stempu nyingi kuliko zote. Nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, chambueni. Toeni pembeni bahasha nyekundu, za kijani, za kaki iliyokoza na zenye mistari ya rangi. Rangi zao huvuja majini na kuzitia doa stempu zote za beseni. Hizo zilowekwe mwisho, moja moja, kwenye kikombe. Toeni pia stempu za aina ya stika. Nyingi kati yake hazibanduki kwa maji hata zikikaa usiku kucha. Kateni karatasi yake vizuri pembeni na kuzitunza hivyo hivyo. Stempu mpya ambayo haijatumika, yenye gundi yake nyuma, isiguse maji hata tone.

Maji yawe ya uvuguvugu au baridi. Usitie sabuni. Maji ya moto huvuruga rangi. Mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama sehemu nyingi za huku kwetu, suuzeni mara ya mwisho kwa maji ya kunywa. Vinginevyo stempu ikikauka huacha ukungu mweupe juu yake.

Wekeni vipande picha ikiangalia juu, visilaliane, visizidi ishirini kwa beseni. Subirini dakika 15 hadi 30. Hapa ndipo kazi ya mwalimu: kuzuia mikono. Mtoto atataka kuvuta. Stempu yenye maji ni laini kuliko chapati ya maji, ukiivuta inachanika. Ikiwa tayari itateleza yenyewe kutoka kwenye karatasi, au itabanduka ukiisukuma kidogo kwa kidole kutokea ukingoni.

Isuuzeni kwenye beseni la pili. Mtoto apitishe kidole taratibu mgongoni mwa stempu. Akihisi utelezi kama wa bamia, gundi bado ipo, airudishe majini. Utelezi ukiisha, itolewe. Gundi ikibaki, stempu itashika karatasi ya kukaushia na kazi yote itarudi mwanzo.

Kausheni juu ya karatasi nyeupe, mgongo ukiangalia juu. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba. Stempu inakauka haraka na kujikunja kama ganda la karanga. Kwa hiyo msisubiri ikauke kabisa. Ikiwa haina tena maji yanayong'aa lakini bado ina ubaridi mkononi, iwekwe kati ya karatasi mbili safi, ndani ya kamusi, na kamusi nyingine juu. Kesho yake itatoka imenyooka.

Na fungeni madirisha. Mara ya kwanza nilianika stempu mia moja na kitu kwenye meza mbili, juu ya magazeti, Julai, mchana. Mtoto alifungua mlango kuingiza chai. Upepo wa Julai wa huku hauhitaji kuelezewa. Stempu zilinyanyuka zote kwa pamoja kama kumbikumbi, zikatua chini ya kabati, kwenye nywele, na moja ndani ya birika. Zilizobaki mezani zilikuwa zimenasa kwenye gazeti, na twiga wa senti hamsini alikuwa na nusu ya tangazo la zabuni mgongoni. Tulipoteza theluthi. Watoto walicheka wiki nzima, na bado wanasema hicho ndicho kipindi kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Sikushauri uige.

Utajua mmefanikiwa: stempu imelala bapa, mgongo mweupe hauna kung'aa, meno yote yapo, na hakuna rangi iliyohama.

## Hatua ya 4: Upelelezi

Sasa wana rundo. Usiwaambie stempu ni za nini. Mpe kila mtoto tano na maswali matatu: imetoka nchi gani, ni ya lini hivi, na ilipita wapi?

Nchi gani ni fumbo tamu kwa sababu nchi nyingi hazijiandiki kwa majina tunayoyajua. Helvetia ni Uswisi. Suomi ni Finland. Magyar ni Hungaria. Nippon ni Japani. CCCP ni Umoja wa Kisovieti wa zamani. Na stempu isiyo na jina la nchi kabisa, ina kichwa cha mfalme au malkia tu, ni ya Uingereza, kwa kuwa wao ndio walioanza na hawakuona haja ya kujitaja. Hapo ndipo ile 1840 iliyowalaza inapofaa. Kwangu iliulizwa na yule yule mwenye udenda.

Za nyumbani zina mafumbo yake. Wawekee mezani, bila maelezo, stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Watakwambia mchapaji alikosea. Waache wabishane, kisha waulize kama kuna mtu nyumbani kwao anayekumbuka posta ya Afrika Mashariki ilipokuwa moja, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Jibu likitoka kwa bibi lina uzito kuliko likitoka kwako.

Zipo zilizoandikwa Tanganyika, za kuanzia uhuru wa Desemba 1961. Zipo, kwa bahati, za mwaka 1964 zenye jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Muungano ulikuwa Aprili 26, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huo huo. Mtoto anayeshika stempu yenye jina lililoishi miezi hiyo michache hahitaji hotuba yako. Stempu za samaki ni za toleo la 1967, za vipepeo la 1973. Hizo mtakutana nazo sana kwenye barua za familia. Thamani ya senti nayo ni kidokezo cha umri, na watoto ambao hawajawahi kuishika senti watataka kujua ilinunua nini.

Ilipita wapi ni swali la mhuri, na ndilo lenye utamu kuliko yote. Tumia simu yako kukuza. Mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, na hilo hapa linasaidia: wote wanakusanyika kwenye kioo kimoja.

Mvulana mmoja alikuwa na kipepeo, stempu ndogo iliyofifia. Alikuza picha mpaka mabawa yakawa nukta nukta za rangi, akashangaa kwamba kipepeo kumbe ni nukta. Kisha akahamisha simu kwenye ukingo wa mhuri. Herufi zilikuwa tano zinazosomeka: PWAPW. Akazihesabu kwa kidole. "Mwalimu, hii ni Mpwapwa! Bibi anatoka huko." Wiki iliyofuata alikuja na kopo la biskuti la bati, limefungwa kwa mpira wa kiatu, bibi katuma. Ndani mlikuwa na bahasha kumi na tisa. Kwenye kaunta buku aliandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu ambayo sikuiruhusu: *Kutoka kwa bibi yangu, zirudi zote.*

Swali la hela litakuja hapa. "Mwalimu, hii ni shilingi ngapi?" Jibu ukweli: nyingi hazifikii bei ya andazi. Stempu nyingi za Tanzania za miaka ya 1980 na 1990, zenye dinosaria, mbwa wa Kizungu na nyota wa sinema, zilitolewa kwa kuwalenga wakusanyaji wa ng'ambo, na zingine zimepigwa mhuri bila kupita kwenye barua yoyote. Ni nzuri kutazama, na ni nyingi kama mchanga wa Chamwino. Wakisisitiza, waambie ipo ya British Guiana ya mwaka 1856, kikaratasi cha rangi nyekundu ya zambarau kisichopendeza hata kidogo, iliyouzwa New York mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni tisa, kwa sababu inajulikana kuwa ipo moja tu. Watauliza, "Sisi tunayo?" Hamna. Endeleeni na kazi. Mtu mzima anayewaahidi watoto utajiri wa stempu atawapoteza siku watakapogundua.

## Hatua ya 5: Ukurasa mmoja

Usimwambie mtoto "tengeneza mkusanyiko". Mwambie atengeneze ukurasa mmoja, stempu sita hadi tisa, unaojibu swali moja alilolichagua mwenyewe.

Swali, narudia. "Wanyama" ni mada ya mtu mzima. "Mnyama gani wa Tanzania hajawahi kupewa stempu kwenye rundo letu?" ni swali. Kwangu wamewahi kuuliza: kwa nini wanawake ni wachache kwenye stempu? Treni zilionekanaje kabla ya hii ya umeme inayofika Dodoma? Kuna stempu yenye mbuyu? Huyo wa mbuyu alitafuta wiki tano.

Namna ya kutengeneza ukurasa:

1. Kata manila kwa ukubwa wa A4.
2. Kata vipande vya karatasi nyeupe vyenye upana wa sentimita moja na nusu, urefu sawa na upana wa manila.
3. Paka gundi ukingo wa chini tu wa kila kipande, milimita tatu, na ncha zake mbili. Bandika kwa kulala, safu hadi safu sentimita tano. Juu kubaki wazi. Huo ndio mfuko.
4. Acha siku nzima. Gundi isiyokauka ikigusa stempu, hamtaitoa tena.
5. Chomeka stempu kwa kibano. Jasho na mafuta ya vidole huacha alama, na baada ya chipsi huacha alama ya chipsi.
6. Chini ya kila stempu, mstari mmoja wa mwandiko wa mtoto.

Ukurasa wa namna hii huruhusu stempu kutoka na kuingia, na mtoto hubadili mawazo kila wiki. Anayeitaka ile ya madukani yenye mifuko ya plastiki ataitafuta baadaye. Epukeni plastiki laini yenye harufu kali. Kwenye joto hushikana na wino. Selotepu ni marufuku kabisa, hata kipande.

Utajua mmefanikiwa: mtoto akilalamika kwamba kuna stempu moja inakosekana. Mtoto asiyelalamika hivyo bado hajaanza.

## Hatua ya 6: Gulio

Kila wiki ya mwisho wa mwezi fungueni gulio la kubadilishana, dakika ishirini. Kila mmoja anaweka mezani zile zilizojirudia. Sheria zetu ni chache:

Hakuna fedha. Hakuna kubadilisha kwa kalamu, pipi wala zamu ya kufagia. Biashara inaweza kuvunjwa mpaka kengele ilie, ikilia imeshafungwa. Na mdogo akibadilishana na mkubwa, mtu wa tatu ashuhudie, asije akapigwa mchana kweupe.

Sheria ya mwisho ilitungwa baada ya mtoto wa darasa la nne kutoa stempu saba kwa moja kwa kuambiwa "hii ni ya dhahabu". Ilikuwa na rangi ya njano.

Magomvi yatakuwepo. Ugomvi juu ya stempu ni habari njema, usiuzime haraka sana.

## Hatua ya 7: Simu, kwa kiasi

Mwalimu au mzazi awapige picha kurasa zao na kuzituma kwenye kundi la wazazi. Inatosha. Ndugu wa Mwanza na Tanga wataona na kuanza kutuma bahasha. Hilo ndilo lengo. Picha ioneshe ukurasa na mikono, sura na majina kamili ya watoto yabaki nyumbani. Mawasiliano na mkusanyaji yeyote wa mbali yapitie kwa mtu mzima na kwa S.L.P. ya shule, bila kumwonea haya mtu.

## Hatua ya 8: Wape tarehe

Kikundi kisicho na siku ya kufikia hufa. Oktoba 9 ni Siku ya Posta Duniani, kukumbuka kuundwa kwa Umoja wa Posta Duniani mwaka 1874 huko Bern, Uswisi. Pangeni maonyesho siku hiyo au Jumamosi ya karibu: kurasa zitundikwe ukutani kwa kamba na vibanio vya nguo, chini ya plastiki safi, mbali na dirisha. Jua la saa saba la Dodoma hufifisha wino.

Waalikeni wote waliotoa bahasha, kwa barua. Barua yenye stempu. Mtoto asimame karibu na ukurasa wake na kueleza kwa dakika mbili. Hotuba ya mgeni rasmi iwe fupi kuliko hiyo. Yule bibi wa Mpwapwa alikuja na kopo tupu mkononi, akazihesabu bahasha zake ukutani, kumi na tisa, akasema ziendelee kukaa.

Kwa wenye miaka 9 hadi 15 kuna pia mashindano ya kimataifa ya uandishi wa barua ya Umoja huo wa Posta, yanayofanyika kila mwaka tangu 1971. Ulizeni posta mapema kuhusu mada ya mwaka na mwisho wa kupeleka.

## Mkikwama

*Stempu zimejikunja:* rudisheni majini dakika mbili, kisha kwenye kamusi mapema zaidi ya mara ya kwanza.

*Hakuna bahasha zinazopatikana:* rudini hatua ya kwanza, tumeni tena barua, safari hii kwa ndugu walio mikoani, na ndani wekeni bahasha ya kujibu iliyokwisha bandikwa stempu. Asilimia kubwa ya wajomba hujibu wakiona wameshalipiwa.

*Wavulana wanaona ni mambo ya kike, au kinyume chake:* wape beseni.

*Wamebaki wanne:* endeleeni na wanne. Usiwatangaze paredi, usiwalaumu walioondoka, na msisogeze siku ya kipindi. Funguo ya kabati la stempu mpe mmoja wao aitunze, na kaunta buku mwingine.